Hamu isiyoisha kwenye mlo wa paleo: dalili, chanzo na la kufanya

Mtu akiacha kwa mkupuo ugali, wali, chapati, maharage, maziwa na sukari ili afuate paleo, yaani mlo unaoiga ulaji wa watu wa kale kabla ya kilimo, kisha siku ya nne akajikuta anaizunguka meza ya maandazi, watu husema hana nia. Nia mara nyingi anayo. Kilichopungua ni kalori 700 za mchana, chumvi, chai aliyoizoea tangu utotoni, na pengine usingizi. Mwili hauna namna nyingi za kudai. Hudai kwa hamu. Kwa hiyo hapa tunaisikiliza hamu kama fundi anavyousikiliza mlio wa injini: inakuja saa ngapi, inataka kitu gani, inafuatana na dalili gani nyingine. Dawa ya chanzo kimoja haitibu kingine, na ndiyo sababu ushauri wa "kunywa maji tu, itapita" huwasaidia wachache.

Paleo kali inaruhusu nyama, samaki, dagaa, mayai, mboga, matunda, mizizi, nazi, parachichi, korosho na mbegu. Inaondoa nafaka zote (mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi), mikunde yote, maziwa na vitokanavyo nayo, sukari, na mafuta ya mbegu yaliyosafishwa kiwandani. Karanga huwakosesha wengi: ni mikunde, ndugu wa kunde na njugu mawe, hivyo haimo. Korosho imo.

Orodha za mwanzo, kama ile iliyoenezwa na Loren Cordain wa Marekani mwaka 2002, zilikataza hata mihogo, viazi vitamu na viazi vikuu, pamoja na chumvi ya kuongeza. Wengi waliokuja baadaye wameirudisha mizizi, na tunaona wamefanya jambo la maana. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda na kukusanya, huchimba mizizi porini, hula ubuyu na matunda, na hupenda asali kupita chakula kingine chochote. Kujinyima wanga wote ni nyongeza ya watu wa leo, na ndiyo inayowaangusha wengi wanaojaribu mlo huu Afrika Mashariki.

Wasioanza bila kuongea na daktari

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya aina ya glibenklamidi asipunguze wanga kabla dozi haijaangaliwa upya. Kwake yeye, njaa ya ghafla yenye kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa ni sukari ya damu inayoshuka. Hapo hakuna mlo wa kulindwa: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji (kama gramu 15), subiri dakika 15, pima. Ikiwa bado iko chini ya 3.9 mmol/L, rudia. Ikishapanda, kula chakula cha kawaida, kisha umwone daktari kuhusu dawa. Akiwa hawezi kumeza au amepoteza fahamu, asilazimishwe kunywa kitu. Apelekwe hospitali mara moja.

Wenye dawa za presha wapime mara kwa mara, kwa kuwa wiki za kwanza presha inaweza kushuka na dozi ya zamani ikazidi. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na mwenye ugonjwa wa figo wasifuate toleo kali. Na aliyewahi kuwa na tabia ya kula kwa kificho kisha kujitapisha, au kufunga siku nzima ili "kulipa" alichokula jana, orodha ya vyakula vilivyokatazwa humrudisha kulekule. Huyo mlo huu haumfai hata akiwa mzima wa viungo vyote.

Kipimo cha kwanza: njaa au hamu?

Jiulize: ningewekewa sasa hivi mayai mawili ya kuchemsha na sukuma wiki ya jana, ningekula? Ukijibu ndiyo, hiyo ni njaa. Kula, usijadiliane nayo. Ukijibu "hapana, nataka chapati", hiyo ni hamu, na chanzo chake kitakuwa kwenye mazoea, chumvi, usingizi au hali ya moyo.

Kwa siku saba andika kwenye daftari mambo manne kila hamu inapokuja: saa, kitu ulichokitamani, mlo uliotangulia, na saa ulizolala usiku uliopita. Siku saba zinatosha kabisa. Wengi hugundua kwamba hamu walizodhani zinawasumbua mchana kutwa huja nyakati mbili tu zilezile kila siku.

"Nimekula vizuri mchana, ikifika saa kumi njaa inaniuma"

Hili ndilo tatizo linaloongoza, na chanzo chake ni hesabu. Sahani ya ugali ya mtu mzima huchukua unga kama gramu 200, nao hutoa kalori 720 hivi. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kalori kama 230, protini gramu 15 na nyuzinyuzi nyingi. Ukiondoa vyote viwili ukaweka badala yake kipande cha samaki na bakuli la mchicha, umekula kalori 300 badala ya 1,000. Tumbo limejaa majani na maji, kwa hiyo saa saba unasema umeshiba. Saa kumi mwili unapiga hesabu yake.

Aliyekuja kwenye paleo ili apungue uzito hufurahi akiona pengo hilo. Asifurahi. Upungufu wa kalori 300 hadi 500 kwa siku nzima unavumilika kwa miezi. Upungufu wa 700 kwenye mlo mmoja huishia kwenye kuvamia sufuria usiku.

Lijaze pengo kwa mizizi na mafuta. Gramu 100 za muhogo wa kuchemsha hutoa kalori kama 150, magimbi kama 140, ndizi za kupika kama 115, viazi vitamu kama 80. Kwa hiyo viazi vitamu viwili vidogo havitachukua nafasi ya ugali hata kidogo. Sahani inayoshika hadi jioni kwa mtu wa kilo 70 huwa hivi:

- protini gramu 25 hadi 30: samaki aliyepikwa gramu 130 hivi, au nyama gramu 110, au mayai manne, au dagaa wakavu gramu 50;
- muhogo, magimbi au ndizi gramu 250 hadi 300 zikiwa zimeshapikwa (kama ni viazi vitamu, gramu 400);
- nusu parachichi, au mchuzi wa tui zito kijiko kikubwa cha upawa;
- mboga za majani kadiri unavyotaka.

Kama huna mzani, ngumi mbili za muhogo uliochemshwa zinakaribia kipimo hicho. Nunua muhogo mtamu, umenye ganda lote mpaka ile ngozi nyeupe nene ya ndani, chemsha mpaka ulainike kabisa na umwage maji yake. Ukionja ukakuta uchungu, tupa. Uchungu ni dalili ya sumu ya sianidi, na kuongeza chumvi hakuiondoi.

Jaribu sahani hiyo siku tatu mfululizo. Njaa ya saa kumi ikitoweka, umeshapata chanzo chako na huhitaji kuendelea kutafuta.

"Nakula nyama nyingi, nashiba hadi kinyaa, lakini bado nataka kitu"

Hapa kinachokosekana ni mafuta. Hutokea kwa wanaokula kifua cha kuku kisicho na ngozi, steki na samaki wa kuchemsha, huku wakiogopa nazi na parachichi. Protini peke yake haiwezi kuwa nishati ya mwili mzima: ikipita kiasi, karibu theluthi ya kalori zote za siku na zaidi, ini hulemewa, na mtu hupata kichefuchefu, ulegevu na hamu kali ya kitu cha mafuta, hasa chipsi. Kuku aachiwe ngozi yake, supu isienguliwe mafuta yote, samaki apakwe tui. Mafuta ya nazi au mawese ya Kigoma kijiko kimoja au viwili vya chakula kwa sufuria ya watu wawili yanatosha. Hamu ya chipsi ikipungua ndani ya siku mbili, ndicho kilichokuwa.

Kichwa kinauma, unalegea, unatamani vya chumvi

Dalili hizi zikianza siku ya pili hadi ya tano, angalia mambo mawili, na uyatenganishe.

La kwanza ni chumvi. Ukipunguza wanga kwa ghafla, insulini hushuka na figo huanza kutoa sodiamu na maji mengi zaidi ya kawaida. Ndiyo maana kilo mbili hupotea wiki ya kwanza na haja ndogo huongezeka. Wakati huohuo umeacha mkate, unga wa mchuzi na vyakula vingine vilivyokuletea chumvi bila kujua. Dalili yake maalumu ni kizunguzungu unapoinuka kutoka kitini, misuli ya mashavu ya miguu kukaza usiku, na kutamani krispi au achari. Tengeneza supu ya mifupa au ya samaki, tia robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye bakuli, unywe. Chumvi ikiwa ndiyo sababu, nafuu huja ndani ya nusu saa hadi saa moja. Kwa siku nzima, asiye na presha wala ugonjwa wa figo akae karibu na kijiko kimoja cha chai kwa jumla, kiwango kisichozidi gramu 5 ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri. Mwenye presha asiongeze bila kuulizia. Tumia chumvi yenye madini joto. Kuhamia chumvi ya mawe isiyotiwa madini joto ukiwa mbali na samaki wa baharini ni kujitafutia tatizo la tezi.

Kunywa maji lita nne bila chumvi huzidisha hali hiyo. Kunywa ukisikia kiu, inatosha.

La pili ni kafeini. Walioacha chai na kahawa siku ileile walipoacha chapati hupata maumivu ya kichwa yanayoanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, hufikia kilele siku ya kwanza au ya pili, na yanaweza kudumu hadi siku tisa. Yanaambatana na hasira na usingizi wa mchana, na mtu huyatafsiri kuwa "mwili unahitaji sukari". Kama unataka kuacha, punguza kikombe kimoja kila baada ya siku tatu. Ushauri wetu ni kuiacha chai ya rangi ibaki kwa mwezi wa kwanza. Vita viwili kwa wakati mmoja ni vingi, na majani ya chai si nafaka.

Chai ya maziwa ni suala jingine. Mwenye vikombe vinne kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya chai vya sukari, alikuwa anapata gramu 48 hadi 60 za sukari. Anachokikosa ni utamu, mafuta ya maziwa na ule muda wa kukaa chini. Cha mwisho hakina katazo, basi kilinde: saa ya chai ibaki palepale. Kwangua nazi moja, itie vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu, kamua tui la kwanza. Chemsha maji na majani, tangawizi iliyopondwa, hiliki nne na kijiti cha mdalasini kwa dakika kumi. Epua, ndipo utie tui vijiko vinne vya chakula kwa kila kikombe. Likichemkia jikoni litakatika na kuelea mafuta. Siku tatu za kwanza utaiona haina utamu. Ulimi huzoea baada ya wiki mbili hivi, na mdalasini na hiliki husaidia sana kwa kuwa pua imeshazifunga harufu hizo na vitu vitamu.

Utamu usiku, saa tatu na kuendelea

Chunguza kwanza asubuhi. Aliyeanza siku kwa papai na chai ya rangi tu huwa analipa usiku. Supu ya asubuhi, ile inayouzwa na chapati, ni paleo tayari: iombe na ndizi mbili za kuchemsha badala ya chapati, na nyama ya kutosha. Mayai matatu na muhogo wa jana nayo yanafaa.

Kisha angalia usingizi kwenye daftari lako. Usingizi wa saa tano tu hupandisha homoni ya njaa, grelini, na kushusha leptini inayoleta shibe, na kesho yake mwili hutafuta vitamu na vya mafuta kuliko kawaida. Kama hamu zako kali zote zinafuata usiku mfupi, hakuna chakula kitakachozitibu. Wanawake wengi pia huona hamu ikipanda katika siku saba hadi kumi kabla ya hedhi, wakati mwili kweli unatumia nishati zaidi kidogo. Siku hizo ongeza kiazi kitamu kimoja chakula cha jioni na usijilaumu.

Chanzo cha tatu kimejificha ndani ya paleo yenyewe: tende, asali, na kashata za nazi zilizotengenezwa "kwa njia ya asili". Kijiko cha chakula cha asali kina gramu 17 za sukari. Tende moja kubwa aina ya Medjool ina gramu 16. Ndogo za kawaida ni kama gramu tano kila moja. Anayekula tende sita kila usiku baada ya chakula anautunza uleule mzunguko aliotaka kuuvunja: ulimi unaendelea kujua kwamba saa tatu usiku ni saa ya utamu. Matunda mazima ni bora, na yaliwe pamoja na mlo, si peke yake mbele ya televisheni. Ubuyu wa rangi wenye sukari hauhesabiwi kuwa tunda. Ubuyu mweupe wa kumumunya haudhuru.

Korosho nazo zihesabu. Gramu 30, kiganja kimoja kisichorundikwa, zina kalori kama 165, na mfuko wa nusu kilo ukiwa wazi huwa hauishii kwenye kiganja. Pima kwenye kibakuli, funga mfuko, urudishe kabatini.

Wimbi la hamu mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya nusu saa. Kazi ya mikono husaidia zaidi ya kukaa ukisubiri: oga, kwangua nazi ya kesho, pasi nguo. Kupiga mswaki mapema, mara tu baada ya chakula, kuna nguvu kuliko inavyodhaniwa.

"Nimeshiba, lakini nataka ugali"

Hii tunaiheshimu. Ugali si wanga tu. Ni joto mkononi, ni kumega, kukanda tonge, kutoboa kidole na kuchota mchuzi. Aliyefanya hivyo kila siku kwa miaka 30 akipewa uma na saladi, tumbo linaweza kujaa lakini mkono bado unasubiri chakula. Ndiyo maana "ugali" wa koliflawa iliyosagwa haukongi moyo: haumegeki, na kalori zake ni chache mno.

Vinavyofanya kazi ni vile vinavyoshikika. Magimbi yaliyochemshwa na kupondwa yakiwa moto hukandika. Ndizi mbichi zilizochemshwa na kusongwa, kadhalika. Na upo ugali wa muhogo, ambao baadhi ya watu huuita bada. Muhogo ni mzizi, kwa hiyo wanaoruhusu mizizi hawana sababu ya kuukataa. Ila kuna masharti mawili. Unga wenyewe utoke kwa mtu unayejua anaulowesha, kuuvundika na kuukausha ipasavyo, kwa sababu unga wa muhogo mchungu ulioharakishwa una sianidi, na ugonjwa wa konzo unaopoozesha miguu umewahi kuwapata watu wa Mara na Mtwara kwa njia hiyo, hasa waliokuwa hawapati protini ya kutosha. Pili, uliza kama haukuchanganywa na mahindi au mtama, maana sokoni huchanganywa sana. Ule na samaki au nyama kila mara. Muhogo peke yake karibu hauna protini.

Wa Kilimanjaro wana jibu jingine: mtori. Chemsha nusu kilo ya nyama yenye mfupa kwa saa moja na nusu hadi mbili, tia kilo moja ya ndizi mbichi zilizomenywa, kitunguu na karoti, acha nusu saa, toa mifupa, ponda, tia chumvi. Kwa kawaida hutiwa siagi au maziwa. Hapa mafuta ya nyama yanatosha. Inalisha watu wanne, na hakuna anayejisikia yuko kwenye mlo maalumu.

"Nafuata kila kitu, hamu haipungui"

Soma vibandiko. Vidonge vya kuongeza ladha ya supu vingi vina wanga wa mahindi, soya au sukari. Sosi ya nyanya ya chupa ina sukari, soseji zina unga na soya, mishikaki ya mtaani huweza kulowekwa kwenye sosi ya soya, na samaki wa kukaanga hupakwa ngano ili asishike kikaango. Kiasi ni kidogo, lakini utamu uliofichwa huuweka ulimi macho. Wiki moja ya kupika mwenyewe kwa nyanya, kitunguu, swaumu, tangawizi, bizari nzima ya kusaga nyumbani na ndimu itakuonyesha kama chanzo kilikuwa hapo.

Udongo, barafu, mchele mbichi

Kutamani kula udongo, ule unaouzwa sokoni kwa vipande, au kutafuna barafu na mchele mbichi, si hamu ya mlo. Mara nyingi ni dalili ya upungufu wa madini chuma, na huonekana zaidi kwa wajawazito na wenye hedhi nzito. Pima wingi wa damu kituo cha afya. Maini na dagaa vina chuma kizuri, ila mjamzito asile maini mara kwa mara kwa sababu ya wingi wa vitamini A, na upungufu uliokwisha kutokea kwa kawaida huhitaji vidonge.

Kujiona umefungiwa nje ya meza

Hamu nyingine haina uhusiano na chakula. Ni upweke. Familia inakula sinia moja, wewe una sahani yako pembeni; baada ya wiki mbili chapati inaanza kuwa na sura ya watu unaowapenda. Dawa bora tunayoijua ni mchuzi mmoja kwa wote. Pika mchuzi ambao ni paleo tangu mwanzo, samaki wa kupaka, kuku wa nazi, nyama ya kukaushwa na nyanya, mzito kwa tui na vitunguu bila unga. Wengine wale na wali, wewe na magimbi. Sufuria ni moja, kitoweo ni kimoja, na kazi ya mpishi haijaongezeka isipokuwa kuchemsha mzizi.

Mwambao una hazina kwa jambo hili. Futari ya Ramadhani, ukiondoa tambi, kalimati, uji na maharage, karibu yote ni paleo: muhogo wa nazi, magimbi ya nazi, ndizi mbichi kwa nyama, viazi vitamu, supu ya pweza. Anayefunga afungue kwa tende tatu na maji, anywe supu yenye chumvi, aswali, kisha ale sahani kamili. Daku awe na mayai, parachichi na kiazi kikuu. Akiruka daku akategemea papai, njaa ya alasiri itamshinda.

Harusini na misibani, kukataa kila kitu kunaumiza mwenyeji na kunakuchosha wewe. Kula nyumbani nusu shibe kabla ya kutoka. Ukifika, pokea sahani, omba nyama na kachumbari, na ukiulizwa sema, "Ahsante mama, hizi zinanitosha, nyama yako imenikolea." Usianze kueleza mikunde na nafaka mbele ya sinia la watu. Kama pilau ni ya harusi ya ndugu yako wa damu, amua siku moja kabla kwamba utakula sahani moja. Iliyopangwa haifanani na uliyoangukia.

Chapati moja imekuwa tano

Kinachozifanya zifike tano ni fikra kwamba siku imeshaharibika. Chapati moja ina kalori kati ya 200 na 300 hivi. Mwili hauna daftari la makosa. Acha kuhesabu siku ulizokaa bila kosa, kwa kuwa hesabu hiyo ikirudi sifuri huondoka na moyo wako. Usiruke mlo unaofuata kama adhabu. Kufunga baada ya kuteleza ndiko kunakoleta kuteleza kwa pili. Kula sahani kamili kwa saa yake. Kisha fungua daftari: ulikuwa na njaa ya saa ngapi, ulilala saa ngapi, mchana ulikula mzizi au majani matupu? Kukiwa na kuteleza zaidi ya mara mbili kwa wiki, mlo wako ni mkali kuliko maisha yako yanavyoruhusu. Ongeza mizizi kwanza kabla ya kuongeza ukali.

Namna ya kurudisha vyakula

Toleo kali tunalipendekeza kwa siku 30, si maisha. Kujua kwamba kuna tarehe ya mwisho hupunguza hamu yenyewe. Baada ya hapo rudisha chakula kimoja kimoja, kila kimoja siku tatu, vingine vyote vikiwa vilevile.

Maharage yaanze, kwa sababu ndiyo yenye hasara kubwa yakikosekana: bei nafuu, protini na nyuzinyuzi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi ili sumu yake ya lektini iharibike, kisha endelea mpaka yaive kabisa. Siku ya kwanza kula nusu kikombe mchana. Siku ya pili na ya tatu usiyale. Angalia tumbo, ngozi, usingizi na hamu. Mchele ufuate, kisha mahindi, ngano baadaye. Maziwa weka mwisho, na uanze na mtindi au maziwa mgando, kwa kuwa watu wazima wengi wa huku hawasagi laktosi (sukari ya maziwa) vizuri na uchachu huipunguza. Mpaka yarudi, kalsiamu itoke kwa dagaa wanaoliwa na mifupa yake na kwa sukuma wiki. Mchicha una asidi ya oksaliki inayoishika kalsiamu yake, kwa hiyo usiutegemee peke yake.